Kunawa mpaka ngozi inachubuka: ugonjwa wa mawazo yanayorudi-rudi, na munganga anayekaa karibu na mgonjwa

Wakati wa Ebola, kutoka mwaka wa 2018 mpaka 2020, hapa kwetu Ituri kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji ya klore. Kanisani, sokoni, kwenye bariere, hata kwenye mlango wa redio: unanawa kwanza, kisha unaingia. Tulitangaza maneno hayo asubuhi na jioni, na tulikuwa na sababu. Ugonjwa ule ulikamata watu 3470 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini, na 2287 kati yao walikufa. Tarehe 25 mwezi wa sita 2020 ilitangazwa kama umekwisha. Ndoo zikaondolewa moja-moja.

Lakini kuko watu ambao ndoo ile haikutoka kichwani mwao. Wengine walikuwa wananawa hivyo hata mbele ya Ebola, ila wakati ule hakuna aliyewaona, sababu sisi wote tulikuwa tunanawa. Sasa wanaonekana. Ngozi ya mikono imepasuka, sabuni inakwisha kwa siku mbili, mtoto anatumwa kisimani na bidoni mara tano kwa siku, na nyumbani watu wamechoka. Jirani anasema ni majivuno. Mwingine anasema ni pepo ya maji.

Ni ugonjwa. Waganga wanaosema Kifaransa wanauita TOC. Leo tunaongea juu yake, na zaidi juu ya namna ya kuutunza, sababu namna yenyewe inashangaza: munganga anayeujua hamgombezi mgonjwa, lakini pia hamwondolei woga wake. Anakaa naye ndani ya ule woga.

Kiswahili chetu kina neno ambalo liko karibu sana na ugonjwa huu, ila tumelizoea mpaka hatulisikie tena: wasiwasi. Limetoka kwa Kiarabu, na kule maana yake ya kwanza ni kunong'ona, sauti ndogo inayorudi sikioni. Ndugu zetu Waislamu wanamjua mtu mwenye wasiwasi wa udhu: anatawadha, anaona shaka, anarudia, anaona tena shaka, mpaka sala inampita. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, mwalimu mmoja anayeitwa Abu Zayd al-Balkhi aliandika juu ya wasiwasi huu kama ugonjwa wa nafsi unaoweza kutunzwa. Kwa hiyo si ugonjwa wa Wazungu, wala haukuletwa na simu.

Una sehemu mbili. Ya kwanza ni wazo, au picha, au shaka, inayoingia kichwani kwa nguvu bila mwenyewe kuiita: mikono yangu ina sumu, mlango uko wazi, nimemkosea Mungu. Ya pili ni kitendo ambacho mtu anafanya ili ule woga upungue: kunawa, kuangalia, kuhesabu, kurudia sala, kuulizauliza. Anapofanya, anapata pumziko. Pumziko lile ndilo mtego. Kichwa kinajifunza kama kunawa ndiko kulikomwokoa, na mara nyingine wazo linaporudi, linarudi na nguvu zaidi na linaomba maji mengi zaidi. Ni kama mdai ambaye kila ukimlipa anaongeza deni.

Hapa nisimame kidogo, juu ya sisi wa Boga. Usiku wa tarehe 31 mwezi wa tano 2021, wakati ADF waliposhambulia Boga na Tchabi na kuua watu zaidi ya 50, nani alibaki na usingizi uleule? Kwa miezi mingi mimi mwenyewe nilikuwa ninaangalia kadenasi mara mbili, mara tatu, na kuamka usiku kuigusa tena. Huo si ugonjwa huu. Hatari ilikuwa ya kweli, na nilipoigusa kadenasi nilirudi kulala. Mwenye ugonjwa hawezi kurudi. Anaigusa mara thelathini na bado mkono wake haumwambii kitu. Waganga wanatazama mambo haya: je, mawazo na vitendo vile vinakula zaidi ya saa moja kwa siku? Vinamtesa? Vinamzuia kwenda shamba, kuuza, kusoma, kulala na bwana au bibi yake? Kama ni ndiyo, hapo si tabia tena.

Kunawa na kufunga mlango watu wanaviona. Kuko aina nyingine ambayo haionekani, na naona ndiyo inayoumiza zaidi kwetu, sababu mwenye nayo hawezi kuisema.

Fikiria mama aliyezaa wiki tatu zilizopita. Anakata sombe, mtoto amelala pembeni. Mara moja picha inapita kichwani: kisu kile kwenye mwili wa mtoto. Anashtuka, anatupa kisu, anatoka nje anatetemeka. Kutoka siku ile hashiki kisu tena, hataki kubaki peke yake na mtoto, anamwomba mama mkwe amwogeshe. Kila mtu anasema hapendi mtoto wake. Ukweli ni kinyume: anampenda mpaka picha ile imemvunja. Lakini atamwambia nani? Hapa kwetu, mwanamke akisema “niliona ninamuua mtoto wangu”, neno la kwanza litakalotoka vinywani ni ulozi. Tunajua vizuri watu wanafanywa nini kwa neno hilo. Kwa hiyo ananyamaza, mwaka, miaka mitano, na ndani yake anaamini kama yeye ni muuaji anayengojea siku.

Ukweli ni kama mawazo mabaya ya namna hiyo yanapita kwa karibu kila mtu. Mwaka wa 1978, wataalamu wawili wa London, Stanley Rachman na Padmal de Silva, waliuliza watu wazima wasio na ugonjwa wowote, na wengi sana walikubali kama wanapata mawazo ya kuumiza mtu, ya uchafu, ya kutukana mambo matakatifu. Mwaka wa 2014, wataalamu wengine walichapisha utafiti wa wanafunzi 777 wa vyuo vikuu katika nchi 13, Sierra Leone ikiwa ndani yake. Kwa mia moja, 94 walisema walipata wazo la kuingia kwa nguvu angalau mara moja kwa miezi mitatu. Mtu mwenye afya anasema “wazo gani hili la kijinga” na anaendelea kumenya mihogo. Mgonjwa analikamata kama hati ya mashtaka.

Wakristo wetu wanajua jina la John Bunyan, Mwingereza aliyeandika habari za safari ya Mkristo kwenda mji wa mbinguni, kitabu kilichotafsiriwa kwa Kiswahili zamani. Mtu huyu, katika kitabu kingine cha mwaka wa 1666, alieleza namna wazo la kumuuza Kristo lilivyomfuata siku mingi bila kupumzika, mezani na kazini, na yeye akilijibu “hapana” mara mingi mpaka kuchoka. Wataalamu wengi wanaosoma kitabu hicho leo wanaona dalili za ugonjwa huu. Alikuwa muhubiri. Hakuwa mtu wa shetani.

Neno moja la hatari, sababu sitaki mtu achanganye. Mwenye TOC anaogopa wazo lake, analikimbia, anajua linatoka kichwani mwake. Lakini kama mama aliyezaa juzi halali usiku mingi, anasikia sauti zinazomwamuru, au anasema mtoto huyu si mtoto, ni pepo, na haoni ubaya wa kumdhuru, huo ni ugonjwa mwingine na ni wa haraka. Msimwache peke yake na mtoto. Apelekwe hospitali siku ileile.

Sasa, matunzo. Mpaka miaka ya 1960, hata kule Ulaya, waganga wengi walikuwa wanaona ugonjwa huu kama hauponi. Kisha mwaka wa 1966, mtaalamu mmoja wa London, Victor Meyer, aliandika juu ya wagonjwa wawili. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule aliyekuwa anasafisha na kunawa bila mwisho. Meyer alimlaza hospitalini, maji ya chumba chake yakafungwa, na wauguzi wakakaa naye mchana kutwa wakimsaidia asifanye vile vitendo, huku akiguswa na vitu alivyoviogopa. Wa pili alikuwa mwanamke mwenye mawazo ya kumtukana Mungu. Wote wawili walipata nafuu kubwa. Hapo ndipo njia ilionekana: kukutana na woga, na kutofanya kile kitendo.

Kufunga maji ni kitu kikali, na kama ingebaki hivyo, watu wengi wangeikimbia. Wataalamu waliokuja nyuma, kama Edna Foa kule Philadelphia, waliipanga vizuri zaidi: hatua kwa hatua, na mgonjwa mwenyewe ndiye anayekubali kila hatua. Mwingereza mwingine, Paul Gilbert, alitazama watu wenye haya nyingi na wanaojihukumu, akafundisha namna ya kuwasaidia wajitendee kwa huruma. Waganga wengine wa TOC wanaunganisha mambo haya mawili. Sababu mgonjwa anayejiita muuaji au mchafu hana nguvu ya kupanda mlima.

Nitoe mfano. Mama huyu nimemtunga mwenyewe, ili pasipatikane mtu wa kusema “ni fulani wa kartie yetu”. Anauza samaki wa Ziwa Albert. Anaogopa kama mikono yake itapeleka ugonjwa kwa mtoto wake wa mwisho. Ananawa tangu asubuhi, binti yake mkubwa anakosa shule juu ya kuchota maji, na usiku anamuuliza bwana yake: “Baba watoto, nilinawa vizuri?” Bwana anajibu ndiyo. Anauliza tena. Mara ya ishirini bwana anapiga kelele.

Siku ya kwanza, sikologe hamwambii aache kitu. Anamuuliza: “Mama, hii kitu inakuomba nini, tangu unaamka?” Na anasikiliza mpaka mwisho, bila kutazama saa wala kuangalia mikono iliyochubuka kwa jicho la ajabu. Mama anasema kwa sauti ndogo: “Dokta, mimi ni mwenda wazimu.” Munganga anajibu: “Hapana, mama. Mawazo kama hayo yanapita hata kwangu. Kwako yamekwama. Tutaangalia pamoja namna yalivyokwama.” Anamchorea duara kwenye karatasi: wazo, woga, maji, pumziko, na tena wazo. Kwa watu wengi siku hiyo peke yake ni kitu kikubwa, sababu ni mara ya kwanza wanausema ugonjwa wao na hakuna mtu aliyeruka nyuma.

Kisha wanatengeneza ngazi. Chini wanaweka kitu chepesi: kugusa mkono wa mlango na kungoja dakika kumi kabla ya kunawa. Juu kidogo, kushika franka zilizotoka sokoni. Juu zaidi, kumsalimia jirani kwa mkono, kisha kumbeba mtoto bila kunawa upya. Mama mwenyewe anasema kila kimoja kina woga kiasi gani, kutoka 0 mpaka 10. Hakuna kushtukizwa. Hakuna mtu anayemtupia takataka mikononi kwa kucheka, kama ndugu wengine wanavyofanya wakifikiri wanamsaidia.

Siku ya franka, munganga anazishika yeye kwanza. Kisha mama. Woga unapanda mpaka 8. Mama anauliza: “Dokta, una hakika sitamuua mtoto?” Na hapa ndipo huruma ya kweli inaonekana, sababu jibu jepesi lingekuwa “ndiyo, nina hakika”. Jibu hilo lingekuwa maji mengine ya kunawa. Munganga anasema: “Mama, mimi siwezi kukupa hakika ya kila kitu, hakuna mtu anayo. Ninaona unaogopa sana. Nitakaa hapa na wewe.” Na anakaa kweli. Wanaongea, wananyamaza. Baada ya nusu saa au zaidi, mara mingi woga unaanza kushuka wenyewe bila tone la maji. Siku nyingine haushuki sana, lakini mama ameona kama anaweza kuubeba na bado anapumua. Anarudia nyumbani kila siku, sababu kazi kubwa inafanyika nyumbani, si kwenye kiti cha munganga.

Wiki ya tatu anakuja amefunga uso. Amenawa kwa kujificha, kama zamani. Munganga mbaya atasema: “Hutaki kupona.” Huyu anasema: “Umekuja kuniambia, asante. Ni ngazi gani ilikuwa juu sana? Turudi moja chini.”

Sasa swali ambalo najua mtaniuliza: katika nchi ya kolera na Ebola, munganga anafundisha watu wasinawe? Hapana. Mama yule anaendelea kunawa kwa sabuni akitoka choo, mbele ya kula na kupika, na akimaliza kushika samaki. Mara moja, kama jirani yake. Ikija epidemia, atafuata maagizo ya waganga kama sisi wote. Kinachoachwa ni mara ya pili mpaka ya arobaini.

Na bwana? Yeye naye anaitwa. Si kwa kulaumiwa. Watu wa nyumbani wanajibu maswali, wanachota maji, wanabadilisha nguo mlangoni, yote kwa mapendo, na bila kujua wanalisha ugonjwa. Lakini kukata yote siku moja, au kufungia sabuni kwenye sanduku, ni ukali tu. Wanapatana mbele ya munganga neno moja la kusema. Kwa mfano: “Najua unaogopa. Tulipatana siwezi kujibu swali hilo. Niko hapa.” Anasema bila kelele, na anabaki. Ni vigumu kuliko kujibu, na ni vigumu kuliko kugombana.

Matunzo haya yanachukua mara mingi mikutano kumi na miwili mpaka ishirini. Zaidi ya nusu ya watu wanaoyafuata mpaka mwisho wanapata nafuu kubwa. Wengine wanabaki na mabaki kidogo, ambayo wanajifunza kuishi nayo.

Dawa ziko pia. Clomipramine imeandikwa na shirika la afya la dunia, OMS, katika orodha ya dawa za lazima kwa ugonjwa huu, na kuko nyingine kama fluoxetine na sertraline. Hazifanyi kazi kwa siku mbili: inaomba wiki mingi, hata kumi na mbili. Haziachwi ghafla. Clomipramine ikizidi inaweza kugonga moyo, kwa hiyo iwekwe mbali na watoto, na isinunuliwe kwa hesabu ya vidonge kwenye meza ya soko. Diazepam ambayo watu wanapenda kununua inalaza, haiponeshi TOC.

Kwa wachungaji na mapadri neno moja. Mgonjwa wa mawazo ya kutukana Mungu atakuja kwenu kuungama jambo lilelile kila juma, halafu kila siku. Mkimwombea kila mara upya, au mkimfungia kwenye chumba cha maombi na kumfungisha kula, maombi yenyewe yatageuka kunawa. Mwambieni mara moja kama wazo lisilotakwa si dhambi, mwombeeni, kisha msindikizeni kwa munganga.

Kumpata munganga ndiyo shida, tusifichane. Vituo vinavyojulikana vya magonjwa ya akili, kama SOSAME kule Bukavu na Tulizo Letu kule Goma, vyote vya Mabruda wa Karita, viko mbali na Boga, na barabara mnazijua. Mahali pa kuanza ni hospitali au kituo cha afya kilicho karibu, au wale wasaidizi wa mambo ya roho ambao watu wanawaita APS. Inawezekana anayekupokea hajawahi kusikia jina la TOC. Usianze na jina. Mwambie: “Kuko wazo linarudi bila mimi kulitaka. Ninafanya kitu hiki ili liondoke. Kinanikula saa kadhaa kwa siku.” Aandike, na umuulize nani katika zone ya afya anaweza kukuona au kuongea nawe kwa simu. Na kama maneno yanakataa kutoka, ile mikono iliyochubuka unaweza kumwonyesha bila kusema kitu. Ataanza na hiyo.